Neno la Asubuhi

Safina si mganga. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu hapa ufukweni Katonga wapo watu wazima na akili zao, wengine wamesoma kunizidi, ambao mpaka leo wanasema yule mwanamke ana jini la kuandika. Hana jini. Ana kalamu ya buluu, magoti yanayomuuma, mume anayekoroma na binti anayesoma bweni Tabora. Ni mwanika dagaa kama mimi. Vichanja vyetu vya kuanikia vilikuwa vinafuatana: cha Hidaya, cha Safina, halafu changu. Hidaya na Safina walikuwa marafiki tangu wanacheza mdako kule Kasingirima. Na kama kuna aliyeumia kuliko Safina katika habari hii, ni Shadia, mke wa Dadi, msichana wa watu, aliyekataa miezi minane kukaa eda ya mume ambaye sote tulijua amekufa. Nitaeleza yote. Mnivumilie tu, maana nikikumbuka hasira zinanipanda upya.

Mimi ni Scola, Mha wa Simbo. Niliingia kwenye dagaa baada ya mihogo kunishinda, na mdomo wangu nilikuja nao kutoka kwetu, sikuununua hapa.

Kazi yetu ina muda wa kukaa bure katikati yake. Boti zinaingia alfajiri, mnagombania, unapata mabeseni yako, unaosha, unamwaga juu ya waya, unatandaza kwa mkono mpaka kila dagaa apate pa kulala. Baada ya hapo huna la kufanya mpaka jua liwakaushe upande wa juu, uwageuze. Na kuondoka huwezi, kwa sababu kunguru wa Katonga hawana haya. Basi wengine wanasukana nywele, wengine wanasengenya, mimi nalala nikiwa nimekaa. Safina naye alikuwa analala, mpaka siku alipomsikia mama mmoja redioni. Yule mama alisema mtu yeyote anaweza kuandika, asingoje kuwa na la kusema. Akae kila siku muda uleule, aweke kalamu kwenye karatasi, aandike chochote kinachokuja, asipange, asifute, asisimame mpaka muda wake uishe.

Safina hakuwa na saa. Akapima muda kwa dagaa. Anaanza akishatandaza, anaacha wakitaka kugeuzwa. Siku za jua kali anaandika kurasa mbili. Siku za mawingu anafika nne, tano, mpaka vidole vinakakamaa, na anakuja kuniomba nimkandie mkono kwa mawese ya moto. Madaftari yalikuwa ya binti yake, yaliyoandikwa upande mmoja tu wa karatasi. Upande huu hesabu za sehemu, upande huu mambo ya Safina.

Tulimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, sifichi. Nilimwita Mama Karani. "Mama Karani, umefika sura ya ngapi?" Anatabasamu, kalamu haisimami. Hata zile siku za mbalamwezi, boti zikilala ufukweni kwa kuwa dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka, sisi tukiwa nyumbani tunapumzisha viuno, yeye alikuja kukalia kichanja kitupu aandike. Nikamuuliza kwa nini asiandikie kwake. Akasema nyumbani maneno yamemzoea, yanakuja yaleyale: chumvi imeisha, sare ya shule, mama mkwe.

Sasa mtauliza aliandika nini. Siku moja ni mwanamke aliyeamka akakuta milango yote ya nyumba yake imehamia juu ya paa. Siku nyingine ni mzee wa Ujiji anayeuza harufu ya karafuu ndani ya chupa tupu, na wateja wanarudi kugomba kwamba chupa haikujaa. Kuna siku aliandika ukurasa mzima juu ya kidole chake kidogo cha mguu, jinsi kinavyojiona hakikupewa kazi. Akimaliza anamsomea Hidaya kwa sauti ya chini, halafu wanainuka wanageuza dagaa wao. Alikuwa anamsomea Hidaya, si mimi, lakini masikio ninayo, na kichanja changu kiko pale. Zilikuwa nzuri. Sikumwambia hata siku moja.

Na alibadilika, jamani. Safina niliyemkuta mimi alikuwa mtu wa kumeza maneno. Mume akisema, sawa. Wifi akisema, sawa. Mchuuzi akimpunja, sawa. Baada ya mwaka wa lile daftari akawa anajibu watu, tena kwa adabu, ukimaliza kusikia ndipo unagundua umejibiwa. Siku moja aliniambia, "Scola, naanza sentensi sijui itaishia wapi, na inafika. Hakuna kitu kingine katika maisha yangu kinachokwenda bila mtu kukiambia kiende wapi." Nikamwambia aangalie kunguru. Ndiyo jibu nililompa.

Haya, Hidaya. Hidaya hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya unamjua, unakaa naye mbali. Hidaya alikuwa mtu wa kukupelekea uji ukiumwa. Ila alipenda kuwa mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Siku moja Safina akaandika, katikati ya upuuzi wake mwingine, kwamba wa kaskazini wamerudi na mabeseni yanayolia kwa utupu. Siku mbili baadaye boti zilizokwenda kaskazini zikarudi patupu, na zilizoshuka kusini zikajaa. Ziwa ndivyo lilivyo, leo huku, kesho kule. Lakini Hidaya akainua kanga yake huyo, mpaka kwa Mzee Feliksi mwenye boti tatu, akamwambia: Safina anaandikishwa.

Neno hilo moja lilitosha. Mtu wa Ujiji ukimwambia kuna mwanamke anaandika kila siku saa ileile bila kuwaza, mkono unakwenda wenyewe, hafuti, hajui linalofuata, atakuuliza nini zaidi? Hizo kwao ni dalili, kuna kitu kinamshika mkono. Na sisi Waha msituchukulie wajanja, sisi tulisadiki mara mbili. Hidaya akaongeza kifuniko: mtu anayeandikishwa haambiwi. Ukimwambia, linakatika, na wewe uliyemwambia linahamia kwako. Nani alitaka lihamie kwake? Basi ufukwe mzima ukajua, isipokuwa mwenyewe.

Kuanzia hapo vijana wa Mzee Feliksi wakawa wanampa Safina beseni la kwanza bila kugombania. La pili la Hidaya. La tatu, kwa kuwa nilisimama nyuma yao, langu. Safina alidhani anapendelewa kwa sababu anawasalimia vizuri. Alikuwa anasema kabisa, "Unaona, Scola, heshima haigharimu." Na mimi nikawa nasema kweli, dada, huku nachukua beseni langu. Nimekwenda kuungama kwa padri kuhusu hilo beseni, na bado halijanitoka rohoni.

Mwaka jana mwezi wa nane, upepo wa kusini ulikuta boti ya mizigo katikati ya ziwa. Ilikuwa imebeba chumvi na sabuni za kupeleka ng'ambo, Kongo. Watu wanne ndani, Dadi mmoja wao. Maiti mbili zilitupwa ufukweni baada ya siku tatu. Dadi hakuonekana, wala mwenzake mmoja. Shadia alikuwa na miaka ishirini na mbili na ndoa ya miaka miwili. Ndugu wa mume wakangoja, wakatuma watu kuulizia ng'ambo, hakuna. Mambo ya sheria yao siyajui vizuri, ila nilichoelewa ni kwamba sheikh alikaa na wazee, wakakubaliana isomwe hitma na mjane aanze kuhesabu eda yake, miezi minne na siku kumi. Shadia alilia kilio ambacho mpaka mimi jirani wa mbali nilikisikia. Halafu akatulia. Akavua bangili.

Hidaya ni shangazi yake, dada wa baba yake. Akaenda kukaa naye siku mbili. Asubuhi ya tatu akaja kwenye vichanja, macho mekundu, akasubiri Safina atandaze. Safina alipofungua daftari, Hidaya akamwambia, "Shoga, leo nakupa neno. Andika mtu aliyeko ng'ambo. Ana shati la mistari."

Safina alifurahi. Yule mama wa redioni alikwisha kusema kwamba siku ukikwama unaweza kumwomba rafiki neno moja la kuanzia. Akaona shoga yake ameanza kuupenda mchezo wake. Akaandika, akasoma, na ukurasa huo naukumbuka kwa sababu ulinifanya niache kusinzia. Ulisema hivi: "Mtu wa shati la mistari amekaa juu ya kreti, Kalemie, kwenye kivuli cha ghala. Anamenya chungwa kwa wembe. Ganda halikatiki, linashuka mpaka magotini, linagusa mchanga. Hana haraka. Amesema akimaliza chungwa ataulizia habari za meli."

Hidaya alishika shavu. Wakageuza dagaa. Jioni ile ukurasa ule haukuwa kwenye daftari.

Baada ya hapo neno la asubuhi likawa linakuja kila wiki mbili, wakati mwingine tatu. Leo andika kikohozi. Leo andika mtu anachagua kitenge cha mke wake sokoni. Leo andika mtu aliyeibiwa viatu, hawezi kusafiri pekupeku. Safina anaandika, kurasa zinapungua. Yeye alidhani zinachomoka zenyewe, yale madaftari ya bei ya chini, pini zake zina kutu. Akaanza kuyashona kwa uzi wa nyavu. Nilimwona anashona, na nilikwisha kumwona Hidaya anakunja karatasi na kuitia kifuani. Kufika Krismasi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nikanyamaza.

Na Shadia akarudisha bangili mikononi. Hitma ilisomwa bila yeye. Alisema hawezi kukaa eda ya mtu anayekula machungwa. Ndugu wa mume wakaona wamedharauliwa. Mama mkwe akawa haitikii shikamoo yake. Wakasema ana bwana mwingine, ndiyo maana hataki kujifungia ndani. Wakasema hana haya. Yeye kila Ijumaa anatoa nguo za Dadi kabatini anazianika juani zisishike uvundo, na kila boti ikiingia kutoka ng'ambo yuko pale ufukweni amejifunga kitenge chake kizuri, anaangalia wanaoshuka mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nilikuwa nampita. "Mwakeye, Shadia," namsalimia kwa Kiha, kwa utani tu, acheke. Anacheka kweli. Mtu mwenye matumaini anacheka upesi.

Ilivunjika mwezi wa nne mwaka huu. Masika, jua la kubahatisha, dagaa nusu yao wanaoza juu ya waya. Safina alikuwa katikati ya kuandika. Shadia akaja amefuatana na nani? Peke yake. Amevaa baibui safi, mkononi sahani imefunikwa. Hidaya alikuwa majini anaosha, alipomwona akaacha beseni lielee.

"Shikamoo, dada Safina," Shadia akasema. "Nimeambiwa nisije, nisikusumbue. Nisamehe. Lakini nimechoka. Naomba umuulize anarudi lini."

Safina akainua kichwa. Kalamu ikasimama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza naiona imesimama kabla ya dagaa kugeuzwa. "Nimuulize nani, mdogo wangu?"

"Dadi."

"Dadi yupi? Mume wako? Shadia, pole, mimi nitamuulizaje Dadi?"

Shadia akaweka sahani kwenye kichanja changu, akatoa kurasa kifuani. Kumi na moja. Amezikunja vizuri na kuzitia ndani ya mfuko wa plastiki zisiloe. Akampa mwenyewe aliyeziandika. Safina akafungua ya kwanza, akasoma, akafungua ya pili. Upande wa nyuma zilikuwa na hesabu za sehemu za binti yake. Alisoma zote kumi na moja amesimama. Halafu akageuka kuelekea majini.

"Hidaya," akasema. "Yale maneno ya asubuhi."

Hidaya akaja taratibu, kanga imemlowa mpaka kiunoni. Alianza kwa kulia. "Shoga, nilimwonea huruma. Alikuwa halali, hali. Nilidhani nampa wiki mbili tatu apate nguvu."

"Miezi minane, Hidaya."

"Ningeachaje? Kila nikitaka kuacha ananiuliza kuna ukurasa mpya."

"Ulikuwa unanipa neno."

"Si ulisema mwenyewe rafiki anaweza kukupa neno?"

Safina alitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. "Nilikuwa nakwambia kila siku sijui linatoka wapi. Nilikuwa nakwambia kwa furaha, na wewe umekaa hapo, umeshika shavu, unajua linatoka wapi."

Hidaya akaona huruma haimsaidii, akabadilika. Mtu akibanwa utamjua. "Na lile beseni la kwanza, unadhani unapewa kwa uzuri wako? Mimi ndiye niliyekutengenezea jina hapa. Ufukwe mzima unajua unaandikishwa. Muulize Scola kama hajui."

Safina akanitazama. Bibi wee, nina mdomo wa kujibu watu kumi, siku hiyo ukatoa maneno mawili tu. Nikasema, "Nilijua kidogo." Hakuna kujua kidogo. Nimeshasema niko hapa kueleza yote, basi hilo nalo ni sehemu yake. Hakunigombeza. Aliniangalia tu na kuondoa macho, akabaki na Shadia, ambaye alikuwa bado amesimama anangoja jibu lake.

Akamwambia kweli. Alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Mdogo wangu, haya nimeyatunga. Sioni kitu. Sisikii kitu. Mimi huandika tu kinachokuja, wakati dagaa wanakauka. Huyu mtu hayupo."

"Ana shati la mistari," Shadia akasema. "Dadi aliondoka na shati la mistari."

"Hidaya aliniambia niandike shati la mistari."

Shadia akamgeukia shangazi yake. Hidaya akatazama ziwani. Hapo msichana akaelewa nusu, na nusu nyingine akaikataa. Nilimwona usoni anavyoikataa. Akaokota kalamu mchangani, akaipangusa kwa baibui, akampa Safina.

"Basi andika sasa. Shangazi asiseme neno, mtu yeyote asiseme neno. Andika kinachokuja. Mimi nitaamini hicho."

Nilitaka kumwambia Safina asiandike. Nilitaka kumwambia aandike mtu yupo njiani, aandike mtu amezikwa vizuri ng'ambo na watu wema, aandike chochote. Akakaa. Akaweka daftari juu ya magoti. Alipoanza, mkono haukusimama. Wingu lilikuja likapita. Dagaa wakafika kugeuzwa, wakapitiliza, tukaanza kusikia harufu yao inabadilika, hakuna aliyeinuka. Alipojaza ukurasa akampa.

Nilisoma juu ya bega la Shadia. Ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka chini, ulikuwa na neno moja: sijui, sijui, sijui, sijui.

Shadia aliusoma wote. Alipitisha kidole kila mstari kama anayetafuta mahali neno lilipobadilika. Kisha akakaa chini mchangani pale pale, na kilio alichotoa hakikuwa kile cha mwezi wa nane. Hiki kilikuwa kidogo. Wanawake wakamwinua wakampeleka kwao, na jioni ile akaingia ndani kukaa eda. Sahani ilibaki kwenye kichanja changu. Ilikuwa sambusa, zimeshapoa.

Mnajua nani alilaumiwa? Safina. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, tena kikishakula kinasema nguo ndiyo iliyochafuka. Watu waliokuwa wanampisha kwenye boti sasa wakamwita mzushi. Mzee Feliksi alisema amefanywa mjinga na mwanamke mwenye daftari, ingawa huyo mwanamke hakuwahi kumwambia hata neno moja zaidi ya habari za asubuhi. Beseni la kwanza likaenda kwa Hidaya. Ndiyo, kwa Hidaya. Yeye alilia hadharani, akaomba radhi kwa kila mtu, akasema ni huruma ilimponza. Mtu akilia vizuri watu humfuta machozi.

Safina aliendelea kuja. Anatandaza, anakaa, mikono juu ya mapaja. Kunguru hawakumwibia hata dagaa mmoja miezi hiyo, kwa jinsi alivyokuwa anaangalia. Hidaya alihamishia kichanja chake upande wangu wa pili, sasa mimi niko katikati yao. Wiki nyingi zikapita hivyo, halafu nikashindwa. Nikamnunulia daftari jipya, la jalada gumu, lisilochomoka kurasa, nikamwekea pembeni. Nikamwambia, "Dada, zilikuwa nzuri. Nilikuwa nasikia zote. Yule mzee wa chupa za karafuu nilimsimulia mume wangu."

Alinishukuru. Hakuligusa. Baadaye sana, dagaa wakikaribia kugeuzwa, akasema, "Nilijaribu juzi nyumbani. Nikaweka kalamu, neno likaja. Nikajiuliza nani kanipa. Likaja lingine, nikajiuliza hilo nalo nani kanipa. Sasa kila kinachokuja kichwani nakikagua mfukoni kama mwizi. Hidaya hakuniibia kurasa, Scola. Kurasa ningempa." Nikainuka nikamsaidia kugeuza.

Eda ya Shadia iliisha mwishoni mwa mwezi wa nane. Safina alikuwa amekwenda mara mbili katikati, akaambiwa amelala. Siku ya kutoka eda akaniomba nimsindikize. Tulibeba mchele na dagaa wa kuchagua. Tukamkuta Hidaya jikoni, kanga mpya, anageuza pilau na kuwapangia watu kazi, shangazi mtu. Safina akapita bila kugeuza shingo. Shadia alikuwa chumbani, ameogeshwa, anapakwa hina mikononi. Aliwaomba waliokuwepo watupishe.

Safina akakaa mkekani. "Nimekuja kukuomba radhi, mdogo wangu. Sikujua."

"Najua hukujua," Shadia akasema. "Shangazi ameomba radhi, nimempa. Yeye aliniambia mume wako mzima. Kila mtu aliyekuja hapa aliniambia kitu, huyu hivi, yule vile, na hayo ya shangazi ningeyasahau kwa wiki mbili. Mimi sikumwamini shangazi, dada Safina. Niliamini lile chungwa."

Safina akajisogeza karibu naye mkekani.

"Alivyoumwa kikohozi nilikesha," Shadia akasema. Sauti yake haikuwa na ugomvi wowote. "Alivyoibiwa viatu nilicheka peke yangu humu ndani. Kile kitenge alichonichagulia, naweza kukuchorea maua yake. Dadi wangu mimi nilikwisha kumlia. Mwezi wa nane ule, kabla ya karatasi, nilimlia mpaka yakaisha, nikavua bangili. Hii miezi minne na siku kumi nimemkalia huyu wa kwako, wa kwenye karatasi. Sasa wanasema leo jioni tumsomee tena dua. Mimi nitamwombea nani? Niambie jina lake."

Safina alikaa pale mpaka hina ikaanza kukauka mikononi mwa yule msichana. Katika kurasa zote kumi na moja hakuwa amempa jina.